Wichkuot Niliyopewa na Mama

Uji wa wimbi uliochachuka siku mbili, ukianza kuchemka, hauhitaji mtu wa kukuita. Harufu yake inaruka ukuta wa jikoni na kukufuata mpaka ulipoketi. Juzi mjukuu wangu Velma alikuwa anampikia bintiye uji hapa kwangu Migori, nami niko nje nachambua maharagwe, harufu hiyo ikanifikia. Mate yakanijaa mdomoni. Halafu, kabla sijayameza, nikainamisha uso kama mtu aliyefumaniwa. Bibi kizee mwenye meno manne, naona aibu kwa ajili ya uji wa mtoto!

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mama Roselida wa kanisani. Velma alipomwita mtoto, Blessing, aje asalimu na anywe uji wake, mtoto akajificha nyuma ya kiti changu, akashika rinda langu kwa mikono miwili.

"Huyu hajiamini," Velma akamwambia mgeni. "Hata mwalimu wake amesema. Jibu analijua, lakini mkono hanyoshi."

"Ana wichkuot tu," nikasema.

"Sasa Dani, si ndiyo hiyo hiyo?" Velma akauliza. Dani kwetu ni bibi.

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona jibu lenyewe ni refu, na uji ungepoa. Ndiyo maana naliandika hapa, polepole, kwa ajili yenu wa rika langu mliolelewa na neno hili kama mlivyolelewa na maziwa.

Mimi nilisoma madarasa mawili, kwa hiyo msinidai maana ya kamusi. Nitasema linavyotumika. Wich ni kichwa, kuot ni kuvimba. Waswahili wakisema mtu amevimba kichwa, wanamaanisha ana majivuno. Kwetu Wajaluo ni kinyume. Ni ile hali ya kuingia mahali penye watu, macho yote yanakugeukia, nawe unahisi kichwa kimekuwa kama boga na mlango wa kutokea ni mdogo. Mtu akisema msichana fulani ana wichkuot, anamsifu: amelelewa, hapayuki mbele ya wakubwa. Akisema huna wichkuot, amekutukana wewe na mama yako pamoja. Lakini neno hilo hilo analitwikwa pia yule asiyeweza kuomba maji na koo limekauka, yule anayejua jambo na kulimeza kwa kudhani sauti yake haina kazi mbele za watu. Kiswahili kina haya, kina soni, kina aibu, kina woga, na kila moja linabeba pembe moja ya mzigo. Letu linabeba gunia zima.

Mimi nilitwikwa gunia hilo meno yangu ya mbele yalipokuwa ndiyo kwanza yanaota upya.

Tulikuwa tunakaa kisiwani Rusinga. Dada yangu Adoyo alikuwa ameolewa mbali, upande wa Migori, karibu na mpaka wa Wakuria, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mvulana, jina lake Ouma. Mnajua desturi. Binti akijifungua, mdogo wake anapelekwa kuwa japidi, yaani mlezi wa mtoto, ili mama apate mikono ya kulima. Nilikuwa mdogo wake pekee wa kike. Nikachaguliwa bila kuulizwa, na nilifurahi, maana nilijua nitapanda lori.

Asubuhi ya safari mama alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi wa Ojwang'. Mjomba Omburo, aliyekuwa anakwenda kuuza omena Migori, alikuwa ameshaketi. Mama akakaza kibwebwe changu cha nguo, akanishika kidevu.

"Akoth, unakwenda kwa watu. Unanisikia? Ukipewa chakula, useme umeshiba."

"Hata kama sijashiba?"

"Hasa kama hujashiba. Usiwe na macho ya kufuata sufuria. Wasije wakasema mabinti wa Rusinga wamekulia njaa, wakamdharau dada yako. Uwe na wichkuot."

"Ndiyo, mama."

"Sema tena."

"Niwe na wichkuot."

Akaniachia kidevu. Mjomba Omburo akacheka, akamwambia mama, "Min Adoyo, huyu hata hayo macho ya kufuata sufuria hana, anatazama samaki tu."

Boma la kina shemeji lilikuwa la Dani Awino, mama mkwe wa dada. Alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti ya chini, na neno lake akilisema mara moja halikurudiwa. Alikuwa na wana wawili hapo. Mkubwa, Oguta, ndiye mume wa dada yangu. Mdogo, Otieno, alikuwa anachimba dhahabu kule Osiri na kurudi mwisho wa mwezi na vumbi jekundu masikioni. Mke wa Otieno aliitwa Boke, Mkuria wa Ntimaru, hajapata mtoto bado. Dholuo yake, lugha yetu, ilikuwa kidogo, kwa hiyo na sisi alisema Kiswahili cha sokoni. Wake hawa wawili walikuwa hawajapewa kila mmoja jiko lake. Wote walipika kwa mama mkwe, na mwenye kupakua alikuwa mmoja, Dani Awino.

Jioni ya kwanza akaniwekea ugali wa mtama na mboga za kunde zilizotiwa samli. Nilikuwa sijala tangu mtumbwini.

"Akoth, sogea ule."

"Nimeshiba, Dani."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

Akanitazama kidogo, kisha akamgeukia dada yangu. "Huyu mtoto ana wichkuot. Mama yenu amelea." Akachukua sahani yangu, akaimimina kwa sahani nyingine. Adoyo akaniangalia, uso wake unang'aa kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka nyumbani. Nililala na tumbo linalia, lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimefanya sawasawa.

Sasa ninyi watu wazima mmeshaona kosa liko wapi, lakini mimi nililiona miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwenyeji wa watoto wa wengine. Kwetu Rusinga kukataa chakula ni mchezo wa watu wawili. Mgeni anasema ameshiba, mwenyeji anasema hapana, kula. Mgeni anakataa tena, mwenyeji anamvuta mkono, anamnawisha kwa nguvu, na mgeni anakula huku akilalamika. Mama alinifundisha sehemu ya mgeni tu. Sehemu ya mwenyeji alijua itafanywa na mwenyeji. Hakufikiri kwamba ningekutana na mtu kama Dani Awino, mtu wa neno moja, aliyelelewa kwamba mtu akisema ameshiba, kumsihi ni kumwita mwongo.

Basi mwenyeji wangu hakusihi, nami sikujua kwamba nangoja kusihiwa. Kila mlo nilikula matonge mawili, nikanawa mikono. Dani akawasimulia majirani: "Anakula kama ndege." Kila aliposema hivyo nilipunguza tonge moja likawa dogo zaidi. Katika akili yangu ya kitoto, wichkuot ilikuwa kitu cha kupimwa kama unga kwenye debe, na jinsi tumbo lilivyozidi kuwa tupu ndivyo debe lilivyozidi kujaa. Dada akiniuliza, "Umekula?" nilisema nimekula. Na yeye asingeweza kuingia kwenye chungu cha mama mkwe kuniongezea. Naye alikuwa na wichkuot yake.

Kila kulipokucha, Adoyo na Oguta walikwenda shambani kupalilia. Uji wa Ouma uliachwa kwenye chungu kidogo, umefunikwa kwa kibuyu. Nilikuwa nampa mara mbili, jua likiwa limepanda kidogo na tena mchana. Ulikuwa uji mwepesi wa wimbi, mchachu, una rangi ya udongo wa mto. Nilimkalisha mapajani, nikamlisha kwa kiganja kama tulivyofundishwa. Siku ya kwanza nililamba kiganja. Hilo si kosa, kila mlezi analamba kiganja. Siku ya pili nililamba kibakuli. Siku ya tatu nilikunywa funda moja kabla sijaanza kumlisha, nikajiambia naonja kama una moto.

Sitawahesabia siku zote. Mwisho wake ilikuwa hivi: nilikunywa kwanza mimi, Ouma akanywa uliobaki, kisha nikapitisha kidole kuzunguka kibakuli chote, nikakilamba mpaka kikakauka. Ouma alilia akitaka zaidi. Nilimbeba mgongoni, nikamzungusha boma zima nikimwimbia majina ya ng'ombe wa shemeji, Rateng', Rachar, Silwal, mpaka anyamaze. Adoyo aliporudi alimnyonyesha, lakini maziwa yake yalikuwa machache, kazi ya jembe ilikuwa imeyakausha.

Boke ndiye aliyenifumania. Aliingia jikoni kuchukua mtungi, akanikuta nimeinua kibakuli mdomoni na Ouma ananyosha mikono. Nikaganda. Kichwa, nawaambia, kilivimba nikakisikia kikivimba.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele yangu.

"Wewe toto una njaa?"

Nikatikisa kichwa kukataa, uji ukiwa kwenye midomo.

"Mdomo nasema hapana, tumbo nasema nini?" Akanifuta kwa kidole chake. Kesho yake akaja na kiazi kitamu alichochoma kwenye majivu, amekificha kwenye nguo. "Kula hii. Ile ya mtoto achia mtoto."

Nilikula kile kiazi na maganda yake. Mbele ya Boke sikuwa na wichkuot, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mama hakumtaja, au kwa sababu na yeye pale alikuwa mgeni ambaye hajui aketi wapi. Lakini kiazi kimoja hakikulishi, na siku nyingine hakupata nafasi ya kukileta. Nikaendelea na uji.

Ouma alikuwa amevalishwa uzi wa shanga kiunoni. Nilipofika ulikuwa umemkaa sawasawa, mikunjo ya nyama inaufunika. Asubuhi moja Dani alimwinua ili amwogeshe, uzi ukateremka wenyewe mpaka kwenye vifundo vya miguu, ukaanguka chini. Dani aliutazama pale chini kwa muda. Kisha akamtazama Boke, aliyekuwa anatoka jikoni, mkono mmoja ndani ya nguo yake.

Hapo ndipo neno lingine likaingia bomani. Jasihoho, mwenye kijicho cha chakula, yule ambaye wazee walisema akikutazama unapokula, chakula kinakugeukia tumboni. Dani hakulitamka mbele ya Boke. Alilitamka kisimani, na kisimani ndiko kwenye masikio yote. Ati Boke huwa jikoni kila mtoto anapolishwa. Ati anatazama bakuli la mtoto. Ati hana mtoto, anakula wa mwenzake kwa macho. Mimi nilikuwa kando yao, Ouma mgongoni, nimebeba yote mawili: mtoto mwenyewe na sababu ya wembamba wake.

Boke akaacha kuja jikoni mchana. Viazi vikaisha.

Dani akamwita mganga wa mambo hayo, bibi mmoja waliyemwita Nyar Kadem, mnene, anayevuta tumbaku puani. Alikuja asubuhi, wote tukiwa nje mbele ya nyumba ya Dani. Oguta hakwenda shambani. Adoyo alikuwa ameketi chini na Ouma miguuni pake. Boke alisimama kando ya ghala, mikono imefungwa kifuani. Nyar Kadem akafungua kitambaa, ndani kulikuwa na wembe na pembe ndogo ya mbuzi.

"Nitamchanja tumboni mara tatu," akasema, "nivute hicho kinachomla. Lakini kwanza leteni huo uji wake, nimwone akila. Nani huwa karibu mtoto akila?"

"Mimi sitaji mtu," Dani akasema. "Ila kuna mtu ana macho makubwa na mgongo mtupu."

"Mama," Boke akasema kwa Kiswahili, sauti imetulia. "Taja jina. Mimi niko hapa."

"Wee! Unanijibu?"

"Mama amezungumza," Oguta akasema bila kumtazama shemeji yake. "Boke, ni vizuri ukae kwenu Ntimaru kwanza. Otieno akirudi tutaongea."

Ninyi mnajua "kwanza" ya namna hiyo ina urefu gani. Mwanamke asiye na mtoto akirudishwa kwao na jina la jasihoho, harudi tena, na hata huko kwao sahani itafunikwa akipita.

Boke akanitazama. Mara moja tu, haraka, kisha akaangalia pengine. Nilingoja aseme. Alikuwa na neno moja ambalo lingemwokoa, nalo lilikuwa jina langu. Hakulisema. Mpaka leo sijui kama aliniona mdogo mno, au kama na yeye kichwa chake kilikuwa kimevimba, mbele ya watu wenye lugha yao na desturi yao, akadhani hawatamsadiki.

Mimi nilitaka kusema. Maneno niliyajua yote, ni mimi, ni mimi nanywa. Nilifungua mdomo, na ulimi ukakaa chini kama jiwe la kusagia. Nilimwona mama yangu pale ziwani ameshika kidevu changu. Nilimwona Adoyo, jinsi uso wake utakavyoanguka. Nikasikia watu wakisema, mabinti wa Rusinga. Adoyo akaweka kibakuli cha uji chini, Nyar Kadem akaujaribu wembe kwenye ukucha wake, akasema, "Mvue mtoto."

Mdomo ulikataa, miguu ikaenda. Nilipita mbele ya shemeji Oguta, ambaye sikuwahi hata kutafuna mbele yake. Nikainama, nikachukua kibakuli, nikanywa. Nilikunywa wote. Kisha, kwa mazoea tu, wallahi sikukusudia, nikapitisha kidole kuzunguka kibakuli chote, taratibu, nikalamba mpaka kikakauka.

Ouma alianza kulia, kile kilio chake cha kila siku, ananyosha mikono kwenye kibakuli.

"Akoth!" dada akasema. "Umeingiwa na nini?"

Nyar Kadem ndiye aliyeelewa wa kwanza. Tumbo lake likaanza kutikisika, kisha kicheko kikatoka.

"Awino, jasihoho wako ndiye huyu! Wengine wanakula kwa macho, huyu wako anatumia mdomo kama watu wote." Akaukunja wembe kwenye kitambaa. "Ugonjwa huu unatibiwa kwa ugali. Na ugali sikuja nao."

Dani hakucheka. "Kila siku?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikikupa chakula, unasema umeshiba."

Sauti ikatoka, nyembamba kama ya mbu. "Mama alisema."

"Nilikupa, ukakataa."

"Ndiyo, Dani."

"Ukamsihi mara ngapi?" Nyar Kadem akamwuliza Dani, bado anajifuta machozi.

Dani akainua kidole kimoja.

"Mara moja? Awino! Mtoto wa watu, ameletwa na lori, unamwuliza mara moja?"

Nikamwona Dani Awino, mrefu vile, akiitazama ardhi. Mpaka hapo nilidhani watu wazima hawapatwi na wichkuot. Oguta aliondoka bila kuaga, akachukua jembe. Adoyo alikuwa analia, amenivuta kwake, ananipapasa mbavu moja moja juu ya gauni kana kwamba anazihesabu. "Hukuniambia," alisema. "Akoth, hukuniambia."

Tulipogeuka, Boke hakuwa kando ya ghala.

Alikuwa nyumbani kwake, mlango wazi. Kila mtu aliyepita alimwona anavyopanga vitu: shuka mbili, kibuyu chake cha maziwa, jembe alilokuja nalo, vyote juu ya kanga moja. Hakuna aliyekuwa anamfukuza tena. Alikuwa anakwenda mwenyewe. Na nani angemlaumu? Kisima kizima kilikuwa kimeshalisikia lile neno.

Dani aliketi mlangoni pake muda mrefu, fimbo magotini. Alikuwa anaiona ile nyumba na ule mlango. Ilikuwa hatua thelathini, hazizidi. Mara mbili aliinuka, akaketi tena. Mama mkwe kwenda kwa mke wa mwanawe kuomba msamaha, mnajua ninyi, hakuna njia iliyokatwa ya kupita. Lakini nadhani desturi ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwamba hakujua aanzeje, kama mimi.

Mwishowe akaniita. Alikuwa amemkamata kuku, jike jeusi lenye manyoya ya kijivu shingoni, amemfunga miguu.

"Mpelekee Boke."

Nikamchukua. Nikangoja maneno. Mtoto akitumwa na kitu anatumwa na maneno yake.

"Nimwambie nini, Dani?"

Midomo yake ilisogea. "Mpelekee tu."

Nikaenda. Boke alikuwa anafunga ncha za kanga. Aliponiona na kuku mkononi, mikono yake ikasimama.

"Kuku?" akasema. "Ya njia?"

Nikaelewa papo hapo alichoelewa. Mtu anayesafiri ndiye anayepewa kuku. Ulikuwa mzigo wa kumuaga. Dani alikuwa amemtuma kuku aombe msamaha kwa ajili yake, na kuku, maskini, alikuwa amesema kwaheri.

"Sawa," Boke akasema. "Mwambie asante." Akakaza fundo la kwanza.

Ningeweza kumweka chini nikaondoka. Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyofanya. Nilisimama pale, kuku ananipigapiga mabawa kwenye paja, kichwa kinajaa, kinajaa, nikajua kikishajaa kabisa ulimi utafungwa tena kama asubuhi. Nikasema kabla hakijajaa.

"Dani amesema pole."

Boke akainua macho.

"Amesema alikosea. Amesema usiende."

"Awino amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Na mdomo yake?"

Mtoto wa kwetu hamtazami mkubwa usoni akiulizwa. Mimi nilimtazama. Nilikuwa nadanganya, na uongo ukitazama chini unajulikana.

"Kwa mdomo wake," nikasema.

Alinikazia macho mpaka nikahisi shingo inauma. Kisha akamchukua kuku, akamfungua miguu, akamwacha aingie chini ya kitanda. Kanga ilibaki vile, fundo moja limefungwa na jingine halijafungwa. Nikatoka mbio.

Alasiri Dani alikuwa anasonga ugali, Adoyo anachambua mboga, mimi nimekaa na Ouma, ambaye alikuwa ameshalishwa mara mbili na dada mwenyewe na sasa analala mdomo wazi. Kivuli kikaingia mlangoni. Boke. Alikuwa hajaingia jikoni humo kwa siku nyingi. Akapiga magoti kando ya mlango, akasema kwa ile Dholuo yake ya kuokoteza, kila neno kivyake.

"Mama. Lile neno lako nimelisikia. Asante."

Mwiko ukasimama katikati ya ugali.

"Neno gani?" Dani akauliza.

"La pole. Akoth ameleta."

Adoyo akaacha mboga. Moto ulilia kidogo, kuni ilikuwa mbichi. Dani Awino akageuza kichwa, akanitazama, na safari hii sikuinamisha uso, si kwa ushujaa, niliogopa kusogea. Niliona kesho yangu yote: lori, mtumbwi wa Ojwang', mama amesimama ufukweni anauliza nimefanya nini. Boke bado alikuwa amepiga magoti, naye sasa alikuwa anatutazama sisi wawili, mmoja na mwingine, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ndiyo," Dani akasema. "Nilimtuma nalo."

Akatugeuzia mgongo, akaendelea kuusonga ule ugali, akausonga muda mrefu kuliko ugali wowote unavyohitaji.